Mbao za Kukulia

Hagsätra, Stockholm
Wiki ya kwanza baada ya Pasaka, 2006

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Vaa miwani yako mpya kabla hujaendelea, maana leo naandika mbio mbio na mwandiko wangu utakutesa. Mguu unaendeleaje? Ule unga wa dawa aliokupa mganga wa zahanati umeumaliza, au umeuweka kabatini ukisema umepona? Mvua bado ipo, au imeshawaachia? Sisi huku wazima. Baba Esta yuko kazini Södertälje, kiwanda cha malori kimempa zamu ya mchana wiki hii, wajina wako Esta yuko shule, na mimi nimekaa jikoni na chai yangu, magoti yote mawili yana rangi ya bilinganya, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nikutoe wasiwasi kwanza. Juzi nilipokupigia, kadi ya simu ilikatika nikiwa nimeshasema, "Mama, nimeporomoka mlimani na mbao miguuni," na sijafika kwenye "nikainuka nikacheka." Najua hukulala. Sijavunjika hata ukucha. Sasa tulia nikusimulie tangu mwanzo.

Huku mtu akitaka kwenda juu ya theluji hufunga miguuni mbao mbili nyembamba, ndefu, zilizopinda ncha, akateleza nazo. Wenyewe wanaziita skidor. Watoto wanaanza kabla hata ya kujua kufunga kamba za viatu. Esta yumo kwenye kikundi cha watoto cha hapa mtaani, kinachowapeleka porini kujifunza kuwasha moto, kusoma ramani na mambo kama hayo. Kiongozi wao ni mama mmoja anaitwa Gunilla, mrefu, mkavu wa maneno, ila mwema. Mwezi wa pili akatangaza kwamba Pasaka atawapeleka kaskazini, kwenye milima yao, kwenye kibanda ambacho hakifikiwi na barabara. Mnashuka kwenye treni, mnafunga mbao, mnabeba mabegi, mnakwenda wenyewe.

Mama, huyu mtoto alichanganyikiwa. Alibandika picha ya mlima juu ya kitanda chake. Akawa anaamka kabla sijamwita, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe. Nikaapa moyoni kwamba mwanangu hatabaki Hagsätra akihesabu mabehewa ya treni wakati wenzake wako huko juu.

Gunilla alikuwa na masharti mawili. La kwanza, kila mtoto aonyeshe kwenye kilima cha hapa nyuma kwamba anaweza kupanda, kushuka, kukata kona kati ya miti na kusimama. La pili, wawepo watu wazima watatu. Yeye mmoja, na baba wa mtoto mwingine ndiye wa pili. Wa tatu hakupatikana, na akasema wazi kwamba bila wa tatu hakuna safari ya mtu yeyote. Mimi sikujihesabu hata kidogo. Mimi na theluji tulikuwa tunasalimiana kwa mbali tu, nikitoka kwenye treni kuingia kazini kwa wazee wangu, wale ninaowatunza.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta mbao. Kule Spånga kanisa letu hufanya mnada wa vitu vilivyotumika, na meza ya vitu vya michezo anaisimamia Mama Furaha, yule rafiki yangu Mkongo wa Bukavu niliyekuambia anaimba sauti ya tatu mpaka madirisha yanaitikia. Alikuwa na jozi mbili za mbao zilizobaki, za kwenda porini kabisa, zenye ukingo wa chuma. Moja fupi, moja ndefu. Bei moja.

Mama, niambie ukweli wako. Ungechukua ipi?

Basi. Na mimi nilichukua hiyo hiyo. Bei ni ile ile, halafu nibebe pungufu? Mtoto anarefuka kila kukicha, mwakani zile fupi zitakuwa za kutupa. Esta akanivuta mkono wa koti, akaanza kwa Kiswidi chake, "Men mamma!" yaani "Lakini mama!" Nikamwambia atazikulia. Nilisema kwa sauti yako kabisa, hata mimi nikajisikia. Ile ile uliyoniambia dukani nilipoingia darasa la tano, ukaninunulia viatu vyeusi vinavyomtosha mwalimu mkuu, ukajaza pamba mbele. Mama Furaha akaziangalia mbao, akamwangalia mtoto, akapiga makofi ya mshangao.

"Aïe, Mama Esta! Mutoto iko mudogo hivi, unamufungia poto ya umeme ku miguu?"

Poto kwao ni nguzo. Nikamwambia aniandalie kamba ya kufungia tu, mengine aniachie mwenyewe.

Jumamosi tukaenda kilimani. Watoto wenzake wakapanda na kushuka, wanacheka, mashavu mekundu. Wajina wako anapiga hatua moja juu, anarudi mbili nyuma. Mbao hazishiki theluji kabisa. Tukamsukuma mpaka juu, akashuka moja kwa moja bila kona, kuelekea kwenye msonobari, akajitupa chini ili asiugonge. Akajaribu tena. Akajaribu tena. Alipoanguka mara ya mwisho hakuinuka, akabaki amelala anaangalia juu, na mimi nikaona machozi yanateremka kuelekea masikioni. Gunilla akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba kwa hali hii hawezi kumchukua.

Njiani kurudi Esta alitembea mbele yangu. Tulipofika mlangoni ndipo aliposimama, akaweka kiganja juu ya kofia yake, akaniambia, na alisema kwa Kiswahili ili nisisingizie kutoelewa: "Mama, sasa hivi mimi niko hivi tu."

Iliniuma, mama. Nilisimama pale na mbao begani kama mpumbavu. Nilikuwa nimemnunulia mtoto wa miaka mitatu ijayo, na huyu wa leo nimemwacha chini ya msonobari.

Jioni ile ile Gunilla akabisha hodi. Nilishtuka, maana Waswidi hawaji bila kuahidiana. Baba Esta alikuwa kwenye kochi, ndiyo kwanza ametoka zamu, akaruka kutafuta shati. Gunilla alikunywa chai yangu ya tangawizi, akakohoa, akaomba ya pili, kisha akasema anataka kuziangalia zile mbao vizuri. Akazilaza kwenye sakafu ya jikoni. Akaomba karatasi. Nikampa tangazo la duka lililokuwa limeletwa mlangoni.

Sikiliza mama, hili ni jambo la kupendeza. Ile mbao haijanyooka. Katikati, chini ya unyayo, imeinuka kidogo kama upinde, na hapo ndipo wanapopaka nta. Ukisimama miguu yote miwili haigusi chini, unateleza. Ukiweka uzito wote mguu mmoja inabonyea, nta inashika theluji, unapanda. Kwa hiyo urefu haupimwi kwa kimo peke yake, unapimwa na uzito pia, na begi lako limo kwenye hesabu. Kwenye njia iliyochongwa tayari na mashine makosa madogo yanasameheka. Kule porini hapana: fupi mno, unazama kwenye theluji laini, ndefu mno, huwezi kugeuka kwenye miti na huwezi kuibonyeza.

Akamsimamisha Esta juu ya mbao, mguu mmoja, karatasi chini yake. Akaivuta. Karatasi ikatoka bila ubishi. Esta akainamisha kichwa.

"Hana kosa," Gunilla akasema. "Mbao haijui kama kuna mtu juu yake."

Baba Esta, ambaye tangu ndoa hajawahi kukosa neno pasipotakiwa, akasema, "Mpandishe mama yake. Huyo itamjua."

Nilimtupia jicho. Lakini nikapanda, na kanga yangu ya jikoni na soksi. Miguu yote miwili: karatasi inateleza. Mguu mmoja: Gunilla akavuta, karatasi ikagoma. Akavuta tena, ikachanika. Akasimamisha mbao wima kando yangu, akaniambia niinue mkono juu. Unanijua mama, kimo changu ni chako, wale wa kuchukua sufuria ya juu kwa kupanda kigoda. Ncha ya mbao ikaishia sawasawa kwenye kifundo cha mkono. Akazunguka akanitazama mbele na nyuma, kama fundi anayeangalia gauni limekaa.

"Hizi ni zako," akasema. "Na mimi nahitaji mtu mzima wa tatu."

Nikacheka. Nikaona hakuna mwingine anayecheka. Esta ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yanamtoka. Nikamwambia Gunilla mimi ni mtu wa Njombe, baridi ya kwetu naijua, lakini sisi tunaikimbia tukaote moto, hatuitelezi. Akajibu kwamba tuna wiki za kutosha na kilima kipo. Nikamwangalia mwanangu. Mama, ningesema nini?

Kesho yake nikarudi Spånga kwa aibu zangu. Mama Furaha aliponiona tu akainama chini ya meza, akatoa ile jozi fupi, imefungwa kwa kitambaa, ina jina la Esta juu yake.

"Nilijua utarudia," akasema. "Sikuuzisha kwa mutu."

Tangu siku hiyo mwalimu wangu amekuwa binti yangu. Na ni mkali! "Kunja magoti kidogo, mama. Usiangalie miguu. Usiniangalie mimi, angalia unakokwenda." Anasahau na kunifokea kwa Kiswidi, nami namwambia sielewi kitu mpaka aseme kwa lugha ya bibi yake, naye anasema. Nilianguka mbele, nyuma na ubavu. Wazee wangu kazini waliponiona nachechemea wakataka habari, na nilipowaambia, bibi mmoja ambaye huwa hasemi na mtu alinishika mkono akanieleza kuhusu mbao zake za utotoni mpaka uji ukapoa. Siku niliyokata kona yangu ya kwanza bila kukumbatia mti, Esta alipiga vigelegele msituni. Sijui alivijulia wapi, labda kwenye harusi za kanisani. Naye kwa zile fupi alikuwa anapita katikati ya miti utadhani kaizaa. Kwenye mtihani wa Gunilla alipita wa kwanza. Mimi nilipita wa mwisho, lakini nilipita.

Na Pasaka tukaenda! Mama, sijui nianzie wapi. Tulishuka kwenye treni asubuhi, weupe mtupu, hakuna nyumba, hakuna nguzo, mbingu ya bluu inayoumiza macho. Nilibeba begi lenye mchele wa kikundi kizima, na Gunilla akasema ni vizuri, uzito ule unanisaidia kubonyeza. Tukapanda polepole, watoto mbele kwa mstari. Nilikuwa nasikia mbao zangu zinashika, kisha zinaachia, zinashika, zinaachia, na pumzi yangu, basi, hakuna sauti nyingine duniani. Nikaanza kuimba kimya kimya wimbo wetu wa kupalilia. Kumbe mwendo ni ule ule.

Kabla ya kibanda kuna mteremko wa vichaka vya miti myeupe. Hapo ndipo nilipoporomoka, mara mbili, na mara ya pili mchele ulinikalia mgongoni nisiweze kuinuka. Nikainua uso. Chini kabisa wenzetu walikuwa wameshafika mlangoni wanavua mbao. Mmoja tu amesimama katikati ya mteremko, amegeuka, ananingoja. Hakusema "haraka." Alinionyesha kwa fimbo yake pa kupita, kona moja hadi nyingine, nami nikaifuata njia aliyoichora mwanangu mpaka nikafika alipo. Nililia, sikufichi. Akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, nimefurahi tu. Jioni nilipika wali, watoto wakalamba sufuria.

Picha niliyoweka ndani alipiga Gunilla. Yule wa mkono juu ni mimi.

Nisalimie mjomba Yohana, fundi wetu wa milango, mwambie mbao za huku angezipenda, hazina hata fundo moja. Msalimie mama mkubwa wa mashine ya kusaga, na mdogo wangu Tumaini anayefundisha wasichana netiboli, na mchungaji pamoja na kwaya yake yote. Baba Esta anakushika miguu, anaomba uache kunitetea, eti nimezidi kumwonea.

Jambo la mwisho. Sweta la Esta tulilipata, mama. Ni zuri mno, na linamfika magotini. Hujamwona tangu akiwa na miaka mitatu, ukakisia, ukaongeza la kukulia, na mimi nani wa kukucheka? Nalivaa mimi. Lakini ndani ya bahasha utaona uzi mwekundu nimeukunja kwenye karatasi. Leo asubuhi Esta alisimama mlangoni peku, nikaupima kutoka sakafuni hadi utosini, nikaukata hapo hapo. Sijaongeza hata kidole. Unyooshe ukutani chini ya kalenda, ncha moja iguse sakafu, kisha usimame kando yake.

Amekufika begani, mama.

Mwanao mwenye magoti ya bilinganya,
Upendo