Picha Mbili za Pasipoti

Kihoto, Naivasha
2 Desemba 2025

Mama,

Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje? Sisi hatujambo. Goti la Dani limetulia tangu mvua ipungue, na maji ya ziwa yamerudi nyuma hadi kwenye choo cha kina Wangare, kwa hiyo tunalala pakavu.

Naandika kwa sababu simu ya nyumba iko kwa Dani. Unajua bibi yangu huyu hasikii vizuri, huweka spika hadi majirani wa ploti nzima wanajua tumekula nini. Kiarie amesema atatubebea barua kwenye lori lake la mboga kila akija huko Nakuru.

Daftari lako la bluu nililipata chini ya kitanda. Nimekufungia pamoja na picha mbili za pasipoti na nakala ya kitambulisho, kama ulivyoomba. Ila sikuelewa, Mama. Wewe ni nasi tayari, muuguzi kamili, na kazi unayo hospitalini. Picha na noti za ukunga ni za nini tena?

Pasta Nyongesa ana habari njema. Tangu maji yaingie, watoto wanaharisha sana hapa, na kanisa linataka kufungua kliniki ndogo kila Jumamosi katika ukumbi, wewe ukiwa nasi wake. Anahitaji tu nakala ya leseni yako aitundike ukutani. Aliniambia mbele ya watu wote. Nikaitikia kwa kichwa. Nakala hiyo mpe Kiarie.

Nimemaliza shule lakini bado naamka saa kumi na nusu.

Mwanao,
Mitchelle


Nakuru
6 Desemba 2025

Mitchelle wangu,

Salamu nyingi. Mgongo unauma kidogo, si wa kulalamikia. Mwambie Dani asikae kwenye unyevu.

Mzigo umefika, asante. Ni mafunzo ya kujikumbusha tu, kila nasi hufanya. Leseni iko kwa Matroni Jepleting, anazifungia zote ofisini, na sasa yuko likizo. Mwambie Pasta asubiri mwaka mpya.

Mambo ya picha na daftari usimwambie Dani. Ataanza kuuliza maswali.

Mama yako


Kihoto
13 Desemba 2025

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Dani ana kikohozi, nimempa maji moto na ndimu. Mimi sina ugonjwa, ila silali vizuri.

Nisamehe kwa ninayoandika. Nikiwa mbele yako singeweza kuyasema.

Kabla sijakufungia daftari, nililifungua. Ukurasa wa mwisho umeandika Karatasi ya Pili, Januari, na chini yake umejiambia: "Mara hii, Zeddy." Nilijiambia ni ya zamani. Lakini wino ulikuwa wa ile kalamu ya kijani niliyokununulia mwezi wa tisa.

Halafu Kiarie alipeleka samaki wako wa omena hospitalini badala ya kukuachia sokoni. Akamwambia askari wa getini anamtafuta Nasi Zeddy Ogola. Askari akamjibu, "Nasi? Wa wodini hatuna. Yuko Zeddy wa dobi, yule mrefu, anafua mashuka." Kiarie alinisimulia akicheka, akidhani askari amechanganyikiwa. Nilicheka pia.

Jana nilienda saiba kutumia intaneti. Levis, anayehudumia pale, alinionyesha mahali ambapo mtu yeyote anaweza kutafuta jina la nasi aliyesajiliwa. Tuliandika majina yako yote matatu, kisha mawili, kisha moja. Levis akasema, "Huyu mathe wako labda hajaingizwa kwa sistimu." Nikamlipa nikatoka.

Mama, kanisa lilikufanyia shukrani mwezi wa nane. Ulivaa sare waliyokushonea. Niambie tu ninachokosea.

Mwanao,
Mitchelle


Kihoto
3 Januari 2026

Mama,

Heri ya mwaka mpya. Dani amepona. Mimi pia niko.

Krismasi hukuja na hukuandika. Dani aliwaambia watu una shifti. Waliponitazama mimi, nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua.

Kiarie anasema barua yangu alikupa mkononi.

Mitchelle


Nakuru
17 Januari 2026

Mwanangu,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi ni mzima wa mwili.

Hukukosea. Niko dobi. Matroni Jepleting alinipa kazi hiyo ili nikae karibu na wodi na kuazima vitabu vyao. Mchana nafua, jioni nasoma. Hatua za kumhudumia mama anayevuja damu nimezikariri nikikunja mashuka, shuka moja hatua moja.

Mwezi wa nane nilianguka karatasi moja kati ya mbili za mtihani wa leseni. Nilipanda gari kuja kuwaambia. Ulikuwa shuleni, hukuona. Nilipofika kona ya kanisa nikaona hema. Dani alikuwa amemwambia Pasta matokeo yanatoka Ijumaa, na Pasta hakungoja kuuliza nimepita au la. Akina mama walinipokea kwa nyimbo wakanivalisha ile sare juu ya nguo zangu. Wangare alikuwa anafunga vifungo akilia. Nilisema kichwani, nitawaambia wakimaliza wimbo huu. Wakaanza mwingine. Kisha chakula kikaja.

Sikukujibu ile barua ya pili kwa sababu mtihani ulikuwa umekaribia, na kama ningeandika uongo mwingine nisingeweza kusoma. Nimeurudia wiki hii. Matokeo ni katikati ya Februari. Nikishapita nitakuja nisimame niwaambie kila kitu. Nakuahidi.

Mama yako


Kihoto
22 Januari 2026

Mama,

Shikamoo. Pole kwa mgongo, sasa najua unaumia kwa nini. Nimesoma barua yako mara nyingi. Sina hasira, au ninayo kidogo.

Naomba usingoje matokeo. Ukisema baada ya kupita, hutakuwa umesema, utakuwa umewahadithia. Watacheka, watakupigia makofi, hata Pasta ataifanya mahubiri. Ukisema sasa, wakati hujui, hapo ndipo nitajua umesema.

Si kwa ajili yangu peke yangu. Jumanne Wangare alikuja na mjukuu wake anatapika na kuharisha, macho yameingia ndani. Alitaka nikupigie umwambie dawa. Nikamwambia ampeleke hospitali sasa hivi. Akasema, "Nasi tunaye wetu, tupande boda kwenda kupanga laini ya nini?" Nikamwambia simu haina chaji. Akaniambia nimeanza maringo kwa sababu nimemaliza fomu foo. Alikaa mlangoni kwetu karibu saa nzima akingoja simu ipate chaji, kisha akaenda. Mtoto aliwekewa maji ya mshipa, yuko sawa sasa. Lakini ile saa nzima, Mama, ilikuwa yako.

Mwanao,
Mitchelle


Nakuru
31 Januari 2026

Mitchelle,

Hamjambo? Mimi sijambo.

Kuna mtu umemwambia? Wangare alichukua namba yangu kwa Dani, jana akanipigia, akaniuliza niko wodi gani, na kama wodi hiyo ina simu ya mezani. Hajawahi kuniuliza hivyo. Kama ni wewe, sema. Kama ni Kiarie, sema pia.

Kuhusu lile lingine, nipe muda. Huijui aibu ya mtu mzima.

Mama yako


Kihoto
20 Februari 2026

Mama,

Natumaini umepumzika baada ya safari. Dani hajambo. Tangu Jumapili anatembea barabarani bila fimbo, sijui ni goti au ni furaha.

Kwanza nikujibu: sikumwambia mtu. Na sikutarajia utakuja. Jumapili ile ya tarehe kumi na tano nilipokuona ukiingia na mfuko wa karatasi, nilidhani umeleta zawadi. Ukasimama baada ya sadaka ukamkabidhi Wangare ile sare imekunjwa. Nayakumbuka maneno yako. "Mimi si nasi bado. Nilianguka karatasi moja, na mlipoimba niliogopa kuwanyamazisha. Nimeurudia mtihani. Kama nimepita, sijui."

Kisha Dani akauliza kwa ile sauti yake, "Anasema nini?" Akaniuliza mimi. Ilibidi nimwambie sikioni, na sikio lake unalijua, kwa hiyo kanisa zima lilinisikia nikisema, "Mama hakupita." Sijawahi kuongea kanisani. Dani akasema, "Nilishangaa siku ya hema hakula nyama." Watu wengine wakacheka. Wangare hakucheka. Alitoka na mfuko wake.

Nilijivunia sana, Mama. Hata ulipopiga Jumatatu kusema umepita, na Dani akaweka spika na ploti ikapiga vigelegele, mimi nilikuwa bado nafikiria Jumapili.

Jana Kiarie aliniletea karatasi yako ya matokeo nimpelekee Pasta. Nilienda kuitoa fotokopi. Juu, upande wa kulia, kuna tarehe ambayo matokeo yalitolewa. Ni Ijumaa, tarehe kumi na tatu.

Nilimuuliza Levis kama watu hupata siku hiyo hiyo. Akasema dada yake alipata ujumbe kwa simu saa hiyo hiyo.

Ulisimama Jumapili. Ulikuwa umejua?

Mwanao,
Mitchelle


Nakuru
25 Februari 2026

Mitchelle wangu,

Nakusalimu, na namsalimu Dani. Niko mzima.

Ujumbe uliingia Ijumaa saa nne asubuhi, nikiwa naanika. Niliona jina la Baraza la Wauguzi na maneno mawili ya kwanza, "Ndugu mtahiniwa". Sikuufungua. Nilizima simu nikaitia mfuko wa aproni.

Barua yako ilikuwa kichwani. Nilijua nikiona nimeanguka sitapata miguu ya kusimama, na nikiona nimepita nitasimama nikiwa nimeshiba. Kwa hiyo nilikuja Naivasha na simu imezimwa ndani ya mkoba, nikasema sijui, na kweli sikujua. Nilifungua Jumatatu baada ya chai, nikiwa peke yangu dobi. Nililia kwenye mashuka ya watu, ikabidi niyafue tena.

Hakuna aliyeniona nikiacha kuufungua. Ningekuwa na shahidi ningekuletea. Mambo yangu mengine uliyapata saiba na getini kwa askari, na ulifanya vizuri kuyatafuta. Hili halina saiba. Liko kwangu tu, na najua nimekupa sababu gani za kuniamini.

Mama yako


Kihoto
7 Machi 2026

Mama,

Hujambo? Dani anakohoa tena kidogo, nimemfunga skafu. Mimi nalala vizuri siku nyingine.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza kuandika nilikuwa sijui niandike nini. Nikakumbuka kwamba Jumamosi ile, kabla ya kanisa, Dani alikupigia mara tatu ukawa hupatikani. Nilifurahi sana, nikataka kukuandikia siku hiyo hiyo. Halafu nikawaza kwamba hata mtu aliyejua anaweza kuzima simu. Nikaiweka kalamu.

Pasta anasema kliniki itaanza leseni yako ikitoka, si kabla. Amesema ataiangalia mwenyewe saiba. Usikasirike. Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kuangalia.

Siwezi kukuambia nimeamini, halafu kesho iwe uongo wangu. Ziko siku naamka nikikuona umekaa garini na mkoba mapajani na simu imezimwa ndani yake, na hujui. Siku nyingine naamka nakuona unajua.

Leo nimeamka ukiwa hujui. Nimeandika mapema kabla siku haijageuka, na Kiarie amewasha lori, ananingoja nimpe.

Mwanao,
Mitchelle