Upande wa Pili wa Plaiwudi

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Wamenihamisha. Jengo letu dogo la nyuma, lenye mlango wake unaoelekea mikorosho, limefungwa. Mradi umeisha, mlinzi kaondoka, funguo zimerudi kwa mganga mfawidhi. Sasa huduma zote ziwe pamoja, ndivyo tulivyoambiwa kikaoni. Mimi na dawa zangu za virusi tumepewa nusu ya chumba. Nusu nyingine ni ya Bakari, wa presha na kisukari. Katikati fundi amepigilia plaiwudi — haifiki juu! Nimemwuliza mfawidhi, Dokta Likwata, mbona imeishia njiani. Akasema ni kwa ajili ya hewa. Nikamwambia panapopita hewa na maneno hupita. Hakucheka.

Barazani mabenchi mawili. La kulia la Bakari, la kushoto langu. Hakuna kibao, lakini kufika saa sita kila mtu alishajua la kushoto ni la nini. Halikukaliwa siku nzima. Wagonjwa wangu walisimama nyuma ya tangi la maji, wakingoja nitoe kichwa.

Jumatano, 3 Septemba

Bakari ni mtu mwema. Niandike hilo kwanza, maana nitamsema. Sauti yake! Amezoea wazee wasiosikia. Leo anamwuliza bibi wa watu usiku anaamka kukojoa mara ngapi, na upande wangu kuna kijana katoka kijiji cha Pande na neno lake moyoni. Kijana akatazama juu ya plaiwudi, akaomba panadol. Nikampa. Ningempa nini tena? Alipoondoka nikagonga plaiwudi. Bakari akaomba radhi, kwa sauti ileile.

Ijumaa, 5 Septemba

Maulidi. Nimefua, nimelala. Jirani kaniletea pilau kama kila mwaka, na mwaka huu katia nyama nyingi.

Jumanne, 9 Septemba

Kikao. Ratiba mpya: kila huduma, kila siku. Zamani siku ya presha ilikuwa Jumanne na yangu Alhamisi, siku nyingine wa dharura tu. Nimepinga. Nimesema wapo watu wanaochagua Alhamisi kwa sababu zao. Likwata akauliza sababu gani, watu wote wananitazama. Nifungue mdomo niseme? Wakapitisha.

Nilikuwa namfikiria mmoja. Jina lake sitaliandika hata humu. Nitamwita Kijakazi. Ana mimba ya kwanza, mwezi wa saba. Huja Alhamisi kwa sababu mamamkwe wake — nimwite Bi Mwahija, nalo si jina lake — huja kwa Bakari Jumanne. Mume anajua, na yeye anakunywa dawa, anachukulia zake Masoko. Mama ndiye asiyejua, na nyumba ni ya mama. Kijakazi hutia pamba ndani ya kopo la vidonge lisilie akitembea.

Kipimo cha mwisho virusi havikuonekana kabisa. Akiendelea hivi mtoto atazaliwa salama. Nimeshamwambia mara nyingi, na kila akija ananiuliza upya, ili nimwambie tena. Namwambia.

Alhamisi, 11 Septemba

Andika, Antonia.

Asubuhi. Bakari anampima mtu, nasikia mashine ikivuma. Kijakazi kaingia upesi, mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi, akapita upande wangu. Akapinda goti kidogo, kama kawaida yake.

"Shikamoo, sista."

Kabla sijafungua mdomo, upande wa pili wakaitika:

"Marahaba, mwanangu."

Bi Mwahija. Hakukusudia, naapa hakukusudia. Sauti hiyo humwamkia mlangoni kwake kila alfajiri, naye huiitikia kabla hajafungua macho vizuri. Kaitikia tu. Mashine ikanyamaza. Hata Bakari!

Kijakazi alinitazama. Nikaanza kusema kwa sauti mambo ya vyandarua, mboga za majani, vidonge vya kuongeza damu, chochote anachoambiwa mjamzito yeyote. Upumbavu. Wajawazito hupewa hayo jengo la mbele, na Bi Mwahija amelea wajukuu, anajua. Nilipogeuka Kijakazi hayupo. Kopo lake la mwezi huu limebaki mezani kwangu. Nyumbani ana vidonge vya siku chache.

Nimemfokea Bakari mbele za watu. Akasema ratiba si yake. Kweli si yake. Nilitaka mtu wa kumfokea.

Alhamisi, 18 Septemba

Hakuja. Simu yake haipatikani. Ya mumewe vilevile, yuko dago, kambini na wavuvi wenzake, kisiwani Songosongo huko, mpaka mwezi uishe. Na mimi kwenda kwao siwezi. Nikibisha hodi kwenye nyumba ya mtu, majirani wanajua nimefuata nini. Msiba naenda, harusi nakaa nyuma. Miaka yote hii nimekuwa mtu wa kutotembelea watu, kwa ajili yao. Inaniuma. Sijawahi kumwambia mtu.

Kwa hesabu yangu vidonge vimekwisha.

Jumatatu, 22 Septemba

Bakari kaja upande wangu, kavuta stuli, kakaa. Akasema polepole — kumbe anaweza! — kwamba Bi Mwahija hajafuata dawa zake za presha, na yeye anaruhusiwa kumfuata mgonjwa wake nyumbani. Mtu mwingine hakumtaja. Akaniuliza tu, "Dada Antonia, una mzigo wowote wa kwenda upande ule?"

Nikatazama droo. Kopo limo. Nikimpa, nimeshamtaja mtu. Ingawa Bakari alisikia kila kitu kama nilivyosikia mimi, kusikia ni kwake, kumtaja ni kwangu. Nikasema sina. Akachukua kofia yake.

Sasa niko nyumbani, chakula nimekifunika.

Jumanne, 23 Septemba

Bi Mwahija yu mzima, presha iko juu, hakusema mengi. Mkwe hayupo. Alimwambia Bakari kwamba amempeleka kwao. Kwao ni milimani, upande wa Kipatimu.

Nikamwuliza Bakari: amempeleka akajifungulie kwa mama yake, kama wanavyofanya mimba ya kwanza, au amemrudisha? Bakari hajui. Uwanjani palikuwa na watu, akaona haya kuuliza.

Zahanati kule ipo. Lakini ameondoka bila barua ya uhamisho, na kule kila mtu ni ndugu wa mtu. Ataingia aseme nini, na tumbo lile, na mama yake pembeni? Atakaa kimya. Namjua. Na akikaa kimya, mtoto ndiye atakayelipa.

Nimeenda tena kwa Likwata kuomba funguo za jengo la nyuma, hata kwa siku moja tu ya juma. Ananielewa, anasema. Mle ndani wameweka magodoro na vitanda vibovu.

Jumamosi, 27 Septemba

Simu hazipatikani. Nimesali rozari nikapotea katikati, nikaanza upya.

Jumanne, 30 Septemba

Naandikia kazini. Sijawahi kulitoa daftari hili nyumbani, leo nimekuja nalo kwenye pochi, sijui kwa nini.

Bi Mwahija yuko nje, benchi la kushoto.

Amefika wa kwanza asubuhi. Bakari akamkaribisha kulia. Akasema leo hakumfuata yeye. Akaenda kushoto, akaketi katikati ya benchi peke yake, kikapu miguuni, khanga mpya, uso wazi. Wanawake wa kulia wakageuka kumtazama. Mmoja alipita akaenda msalani, akarudi, akapita tena. Bi Mwahija hakuinamisha kichwa. Mtu wa ukoo ule, aliyeozesha nusu ya mtaa!

Nikamwita ndani. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa.

"Nimefuata dawa za mwanangu," akasema.

Nikamwuliza mwanawe yupi.

"Unamjua. Gari la Kipatimu linaondoka mchana."

Nikamweleza. Kwamba hapa simtaji mtu kwa mtu. Kwamba dawa anapewa mwenyewe, au aliyetumwa na mwenyewe kwa neno lake. Nilisema yote, kama kasuku. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Kisha akasema yake, kwa sauti ya chini, akijua kuna plaiwudi. Kwamba ni kweli alimfungia virago siku ileile, kwa hasira, hata chai hakumpa. Kwamba nyumba imepoa. Kwamba mwanawe akirudi kutoka dago hajui atamwambia nini. Hakulia.

"Nilishamrudisha mmoja," akasema. "Mke wa mwanangu mkubwa, alikuwa anakonda. Nikaona nina haki. Wakamzika kwao."

Upande wa pili nikasikia Bakari akiweka mashine yake chini.

Nimemwomba angoje nje. Mfawidhi yuko Masoko kwenye kikao, simu yake inaita tu. Ya Kijakazi haipatikani. Ya mume haipatikani. Nimepiga zote tena, na tena.

Nikimpa kopo, nimemwambia kwa mdomo wangu kile ambacho mpaka sasa anakihisi tu. Labda ndicho alichokuja kutafuta. Labda anataka uhakika, apande nao mlimani akaumwage mbele ya ukoo wa msichana, talaka itoke. Watu wamefanya hivyo, nimewaona. Nisipompa — mimba inaingia mwezi wa nane, na vidonge vimekwisha karibu wiki mbili. Mtu anayetaka kuiba siri hakai benchi lile, mchana kweupe, mji mzima ukimtazama. Au anakaa? Mungu wangu, nimechoka kuwapima watu.

Bakari amepita mlangoni na birika. Amempelekea chai nje, kwenye benchi la kushoto, na yeye mwenyewe akakaa hapo kunywa ya kwake. Sikumwomba.

Wanaadhini adhuhuri. Bi Mwahija hakwenda kuswali wala hakwenda zake. Amebisha hodi, nimemwambia karibu. Akaingia, akasimama mbele yangu, kikapu mkononi. Hakuniuliza nimeamua nini.

"Huwa anakunywa saa ngapi?" ameniuliza. "Na ni lazima awe amekula?"

Nimevuta droo. Kopo ninaliona. Nimemwambia akae kidogo, niandike. Amekaa, anatazama kalamu yangu inavyokwenda. Anadhani ninamwandikia jibu.