Mwalimu Anakula na Nani

Ijumaa

Bado swali la Halima linanisumbua. Wiki nzima Gredi ya Kwanza tumesoma juu ya familia. Watoto wameimba, wamefinyanga baba na mama kwa udongo, na leo wakachora watu wa nyumbani. Nikisahihisha, Halima, ambaye huwa haongei, akaniuliza, "Mwalimu, wewe unakula na nani?"

Nikamwambia nakula peke yangu, kwetu ni mbali, Busia.

Akanionea huruma kama mtu mzima. "Kesho kuja kwetu. Mama atapika."

Nilicheka tu, nikamwambia amalize kuchora. Tangu nihamishiwe Isiolo, hakuna mwingine aliyenialika, na sikumwuliza hata nyumba yao iko wapi.

Kesho nitazunguka mtaa wa Bulla Pesa, wanakoishi wengi wa wanafunzi wangu, nikimwulizia Mama Halima.