Mama Mkwe Anasema Ugonjwa Uliokufa Bado Unaambukiza

Mpendwa Mshauri wa redio, shikamoo. Nakuomba unisaidie kufikiri, maana tangu jana nafikiri peke yangu, na kila ninapofika mwisho wa hoja naona nilianzia pabaya. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika sekondari moja ya huku Rugera, na ninaishi na mama mkwe wangu, Mama Adelgunda, kwa kuwa mume wangu Cleophace yuko kazini Bukoba. Wiki iliyopita mama alikuwa akigeuza kahawa kwenye jamvi nyuma ya nyumba, akatokea mbwa tusiyemjua, wala hakubweka, akamng'ata mkono na kuishia migombani, na kesho yake mbwa huyo akakutwa amekufa kwenye mikaratusi. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, tukapanda bodaboda hadi hospitali ya Nyakahanga, akadungwa sindano kuzunguka kidonda na chanjo ya kichaa cha mbwa begani, akapangiwa siku za kurudi, na mara ya pili alirudi bila neno.

Shida ilianza jioni ya siku hiyo, tukimenya ndizi, aliponiuliza ndani ya sindano ile mna nini, nami nikamjibu kama ninavyojibu darasani, kwa usahihi na, naona sasa, kwa kujipendeza kidogo: kwamba mna virusi vyenyewe vya kichaa cha mbwa, ila vimeuawa kwa kemikali, na kwamba mwili husoma alama zilizo juu yake, ziitwazo antijeni, kisha hutengeneza kingamwili za kuvizuia vilivyo hai. Aliendelea kumenya. Asubuhi aliamka na homa kidogo na bega linauma, na ilipofika siku ya dozi inayofuata, yaani jana, nilimkuta amevaa nguo za shambani.

"Mwalimu," akaniambia, naye huniita hivyo anapotaka kunicheka, "mgomba ukifa kwa mnyauko tunaufukia, na panga lililoukata haligusi mgomba mwingine mpaka lipite motoni. Umekufa, lakini unaua. Leo unaniambia maiti ya ugonjwa ndiyo dawa? Mbwa kaniuma mara moja akaniacha, ninyi bado mnanirudia."

Kilichonisumbua zaidi, Mshauri, ni kwamba hoja yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, nikaanza kujiuliza kama chanjo hii niliielewa chuoni au niliikariri tu. Nilimbembeleza, asikubali kwenda, lakini sikumtajia hatari yenyewe, kwa sababu kwetu mkwe akimtajia mama mkwe kifo chake ni kama anamwombea. Cleophace kwa simu anasema nimwambie ni sindano ya mgongo, maana mgongo unamsumbua na sindano za mgongo hazikatai. Naogopa uongo huo, lakini naogopa pia kwamba ukweli ninaoutetea ni kiburi changu cha ualimu, na kwamba mama atakuja kufa kwa sababu mimi nilitaka kuwa sahihi. Nakuandikia wakati wa mapumziko. Je, nidanganye?

Sperancia, Rugera

*

Sperancia, marahaba. Nimekupigia simu mara mbili hukupokea, ndiyo maana ujumbe wako nausoma hewani leo kabla ya salamu zote za wasikilizaji. Umeandika vizuri sana, na hilo ndilo linalonikasirisha. Mtu aliyeng'atwa na mbwa wa namna hiyo, na dozi yake imepita jana, haandikiwi ujumbe wa redio. Anapelekwa hospitali.

Mimi si daktari. Haya nimemuuliza muuguzi kabla ya kuketi hapa. Kuchelewa siku moja hakujaharibu kitu: mnaendelea pale mlipoishia, na muuguzi atawapangia upya siku zilizobaki. Homa ndogo na bega kuuma ni kawaida, lakini mwambieni akiwauliza, msifiche.

Sasa hoja ya mama yako. Ni nzuri, mpe heshima yake, kisha umwonyeshe inapoishia. Kwenye mnyauko kilichokufa ni mgomba, vijidudu vilivyomo viko hai, na ndiyo maana vinaua wengine. Ndani ya chanjo hii kilichouawa ni kirusi chenyewe. Muulize panga likishatoka motoni analiogopa? Halisuguliwi wala halitupwi. Vijidudu vilivyoungulia pale bado vipo, lakini haviwezi tena kumdhuru mgomba wowote. Hiyo ndiyo chanjo. Na kwa sababu kirusi kilichokufa hakizaliani, mwili hukiona kidogo na haukishiki sana akilini. Lazima uonyeshwe tena na tena mpaka kingamwili ziwe za kutosha. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, vinazaliana kidogo mwilini, hivyo dozi zake ni chache. Kwa hiyo hatumrudii kumuuma. Tunawakumbusha askari wa mwili wake sura ya adui.

Usimdanganye. Sikwambii hivyo kwa ajili ya dhamiri yako, maana dhamiri inaweza kusubiri. Nakwambia kwa sababu dozi nyingine bado ipo na mgongo wake utaendelea kuuma. Atajua, na siku hiyo hatakuamini tena, wala kwa chanjo za wajukuu zake.

Lakini kosa lako ni hili, dada yangu: umemweleza antijeni, hukumweleza kifo. Ugonjwa huu unapanda polepole kwenye neva kuelekea ubongoni, na ukishaanza kuonekana hakuna hospitali inayoushinda. Mama mzima anayelima na kufukia migomba yake ana haki ya kulijua hilo. Kama mdomo wa mkwe hauwezi kulitamka, mpigie Cleophace mbele yake alitamke yeye, mwana, tena aseme kwamba anaogopa. Akikataa bado, mwambie: "Twende umuulize muuguzi mwenyewe, usipokubali tutarudi." Asidungwe kwa nguvu. Aende kwa miguu yake, na swali lake la panga alibebe huko.

Unasema hujui kama ulielewa au ulikariri. Mimi pia sijui. Utajibizana na shaka hiyo ukiwa juu ya bodaboda.

Zima redio, Sperancia. Kamtafutie mama kanga yake ya kutokea.