Safu ya Penseli

Auntie Syombua,

Nimekaa kwa kiti chako, kile kimevunjika gurudumu, na Mutheu wangu amelala ndani ya kartoni ya karatasi chini ya meza. Hatoshei tena, miguu iko nje. Wateja hakuna. Ni siku ya soko, na unajua watu wa Wamunyu hukumbuka mambo ya kompyuta wakishamaliza kuuza kuku. Kwa hivyo nimepata nafasi ya kukuandikia lile jambo.

Kwanza habari za duka. Wachongaji bado wanaleta picha za twiga wao wa mbao tuwatumie wanunuzi, na bado wanataka niondoe kivuli cha mpiga picha. Printa imeanza kula karatasi kona ya kushoto. Ile karatasi yako ya manila, ya amri za kibodi, iko ukutani palepale, imefifia kidogo upande wa dirisha.

Nakumbuka vile ulinipokea, nimeacha shule kidato cha pili, tumbo limejitokeza. Hukuuliza baba ya mtoto ni nani. Ulinikalisha mbele ya mashine ukasema, "Shika Ctrl kwanza, mwiitu, msichana wangu, kama mkono wa mtoto mkivuka barabara. Halafu ndio uite ile herufi. Ukiita kabla hujashika, mtoto amegongwa." Mpaka leo kidole changu cha mwisho hutangulia chenyewe, hata nikiwa ninakanda unga.

Ile manila tuliijaza pamoja. Safu ya kwanza, Windows, kwa kalamu ya maka nyeusi. Ya pili, Linux, kwa maka ya bluu, wakati fundi alituwekea Linux kwa ile mashine kuukuu ambayo Windows ilikuwa imeilemea. Uliniambia nijaribu kila kitu huku na huku, niite majibu. Kunakili, Ctrl na C, sawa. Kubandika, Ctrl na V, sawa. Kufuta kosa la mwisho, Ctrl na Z, sawa. Halafu nikaingia kwa ile skrini nyeusi ya fundi, nikabonyeza Ctrl na C nikidhani ninanakili, kumbe huko ni amri ya kukatiza kazi. Kazi yake yote ikasimama katikati. Fundi akaanza upya. Wewe ulicheka mpaka ukashika meza, ukachukua maka ukaandika: "Kwa skrini nyeusi ongeza Shift. Usimuue fundi."

Safu ya tatu ilikuwa Mac. Hakuna mtu alikuwa ametuletea Mac hapa, lakini wewe hukupenda kuona safu tupu. Ukachukua penseli ukaandika yale yale ya Windows, kwa mkono mwepesi. Ulisema haiwezi kuwa tofauti sana, vidole vya binadamu ni vilevile.

Sasa nafika kwa lile jambo.

Siku mbili kabla ya mazishi yako, stima haikuwepo tangu asubuhi. Mwanao Mutiso alikuwa amekuja kutoka Syokimau na laptop yake, na ilikuwa Mac. Alisema nichape historia ya marehemu, yeye aipeleke Machakos mjini ikachapishwe kwa programu ya mazishi kabla watu wa printa hawajafunga. Dada yako, Auntie Nduku, akakaa hapa kando akinisomea kutoka kichwani. Alipomaliza akaenda kwa mkutano wa kamati.

Niliangalia manila. Penseli yako ilisema Ctrl na S, nami nikabonyeza Ctrl na S kila aya, vile ulinizoeza. Kulikuwa na dalili, Auntie, ni mimi sikuzisoma. Nilitaka jina lako liwe jeusi, nikabonyeza Ctrl na B, mshale ukarudi nyuma herufi moja. Nilitaka kuchagua yote, Ctrl na A, mshale ukakimbilia mwanzo wa mstari. Nikadhani kibodi ni ngumu kwa sababu ni mpya kwangu. Na ile ya kuhifadhi, kwetu mara ya kwanza mashine huuliza jina la faili. Hii haikuuliza. Nikafikiri mashine ya bei namna hiyo hujipa jina yenyewe.

Mutiso aliuliza, "Umehifadhi?"

"Mara kama ishirini," nikamwambia.

Nikafunga dirisha. Mashine ikaniuliza kama nataka kuiweka hati hii mpya. Na hapo ndipo sheria yako nyingine ilikuja. Unakumbuka yule mzee wa Muthetheni, vile tuliacha nakala mbili za programu ya mazishi, ya zamani na iliyorekebishwa, tukachapisha ile ya zamani, na jina lake likatokea kwa orodha ya waliotangulia mbele za haki? Alikuja hapa na karatasi mkononi, ameketi mazishi yote mstari wa mbele, akasema, "Nataka kujua nani hapa ameniua." Tangu siku hiyo ulikataza nakala ya pili. Basi mimi nikaona neno "mpya" nikasema hii ni ya pili, hii itatuletea shida. Nikabonyeza kufuta.

Mutiso alitafuta kila mahali. Hakufoka. Aliuliza tu, "Kwani ulikuwa unabonyeza nini?" Nikamwonyesha kwa kidole, kibodi kwanza, halafu manila. Akasoma safu ya tatu. Halafu akasema, "Mama hakuwahi kushika Mac." Ni yeye alinionyesha kwamba kwa hizi, kazi ya Ctrl inafanywa na Command, ile iko kando ya kibao cha nafasi. Si kidole cha mwisho, ni dole gumba.

Betri ilikuwa imebaki kidogo. Auntie Nduku alikuwa kwa mkutano na simu imezimwa. Nikaandika upya, na yale aliyonisomea nilikuwa nayakumbuka nusu. Miaka ya kamati za kanisa ilinipotea. Kwa hivyo nilijaza na yale ninayojua mimi. Kwamba ulifundisha wasichana wenye watoto bila kuwauliza maswali. Kwamba ulicheka ukishika meza. Kwamba mtoto wangu alianza kutambaa katikati ya nyaya zako na hukumfukuza, ulipandisha nyaya juu. Kila aya, Command na S, na mara ya kwanza ikauliza jina.

Kwa hivyo iliyosomwa kaburini kwako si ile dada yako alitoa. Hakuna mtu anajua isipokuwa watatu: mimi, Mutiso na yeye. Auntie Nduku alinifuata baadaye pale kwa sufuria za chakula, akanishika mkono. "Hayo si maneno yangu," akasema. "Lakini yaache."

Niliogopa zaidi yaliyofuata. Mutiso alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba mazishi yakiisha atabeba mashine na kufunga duka. Na mimi ndio nilikuwa nimefuta historia ya mama yake. Nilikuja kesho yake kukusanya kartoni ya Mutheu na leso zake, sikuona sababu ya kungojea kuambiwa. Nilimkuta amesimama mbele ya manila. Aliuliza kama naweza kufungua duka Jumatatu. Nikasema naweza. Akatoa kwa begi laptop nyingine, Mac yake ya zamani, betri imechoka lakini kwa stima inafanya, akaiweka mezani. "Basi hiyo safu uijaze kwa maka," akasema. "Tuone mpaka Desemba."

Nimekuwa nikiijaza polepole, kitu kimoja kwa siku, na siandiki kabla sijajaribu mara mbili. Kuhama programu, kwetu Alt na Tab, kwa Mac ni Command na Tab. Kupiga picha sehemu ya skrini, Windows na Shift na S, kwa Mac ni Command na Shift na 4. Kufunga kabisa, Alt na F4, kwa Mac ni Command na Q, kwa sababu ukifunga dirisha tu programu inabaki imekaa nyuma. Hiyo ilinichukua siku mbili kuamini. Wasichana wawili wameanza kuja alasiri kujifunza. Mmoja ana mtoto mchanga, na kartoni nyingine ipo.

Nimeandika kwa maka nyekundu chini ya penseli yako. Penseli sijaifuta. Wakiuliza, nawaambia hayo ya juu Auntie alikisia, na haya ya chini tumejaribu. Nikifika mahali sijui, nitaandika kwa penseli kama wewe, lakini nitasema kwa mdomo kwamba ni penseli. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na Mutheu atafundishwa hivyo hivyo vidole vyake vikifika.

Pumzika, Auntie. Mutheu anaamka, anatafuta mguu wangu. Barua hii nimeiandika kwa ile Mac. Nimebonyeza Command na S kabla sijainuka, na nimengoja kuona kama jina limetokea juu.

Limetokea. Nimeiita Syombua, na ni nakala moja tu.

Wako,
Mama Mutheu