Springi ya Kulia

Tororo,
Machi 1965

Kwa ndugu yangu Nashon Oguttu,

Nakusalimu, ila mama yako Leonida namsalimu kwanza, maana yeye ndiye mgonjwa. Mguu wake unaendeleaje? Anaweza kufika kisimani peke yake? Huku tuko wazima. Mzee Muniru bado anamfokea kila mtu garajini, na mvua imeanza, ua wote ni tope.

Barua yako nimeipata. Umeuliza swali moja na ukalitia sharti juu: kama gari letu bado linadunda nyuma, utarudi Tororo mwisho wa mwezi tulitengeneze; kama limepona, utakubali kuendesha lori la pamba huko Masafu, ukae karibu na mama. Nitakujibu. Usinipeleke mbio, bwana, unanijua.

Jumapili ile ile uliyoondoka nililipeleka uwanja wa ndege, kwenye yale mashindano yetu ya kwanza ya magari, mawili mawili kukimbizana moja kwa moja, tuliyoyangoja mwaka mzima. Bendera iliposhuka nikaachia klachi, lo! Nyuma ikadunda kama mtu anatwanga mahindi, tairi la kulia likazunguka palepale, moshi mtupu. Oketcho, niliyepangwa naye, alishafika mwisho na gari lake, mimi bado nanuka mpira. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Madina, yule muuza chapati wa getini kwetu, aliniuliza kama nilikwenda kushindana au kuchoma tairi.

Nilinuna wiki nzima. Kisha nikaona upumbavu wetu. Kila tulipolijaribu gari, wewe ulikaa nyuma, upande wa kulia, ukinipigia kelele nikanyage. Gurudumu la kulia hupenda kuinuka gari likiondoka kwa nguvu, na uzito wako ndio uliolikandamiza. Springi zote tulizipima wewe ukiwa ndani. Na mashindano yanataka dereva peke yake! Tulivyojiona mafundi, hata hatukufikiria hilo.

Nikaweka gunia la mchanga mahali pako. Gari likatulia, lakini wasimamizi wa mashindano wakaniambia gunia haliruhusiwi. Mimi mwenyewe nilishalichoka, halicheki, halitukani. Madina anasema siku hizi nazungumza na gari. Ni kweli. Garaji likifungwa sina pa kwenda. Naswali, nakula, nalala. Chumba chetu kimekuwa kikubwa mno.

Basi nikafungua nyuma yote. Springi ya kulia nikaiongezea bamba moja la chuma, upande ule ukandamizwe chini tangu mwanzo. Halafu nikachomelea vyuma viwili kutoka kwenye ekseli mpaka chasisi, springi zisipate nafasi ya kujikunja. Jumapili iliyopita nikapangwa tena na Oketcho. Nashon, we! Tairi zilishika ardhi, gari likachomoka, halikudunda hata mara moja. Nilimwacha mbali. Nikageuka nyuma nikuulize kama umeona, hakuna mtu. Nilikaa mle ndani mpaka Mzee Muniru akaja kugonga kioo, akidhani nimeumia.

Haya, jibu lako ndilo hilo: gari limepona. Juzi nilikuandikia kwamba bado linadunda, nikaifunga barua kabisa, halafu nikaichana. Mama yako anaumwa, siwezi kukutoa kwake kwa uongo. Lori la pamba ni lako ukilitaka, wala sitakasirika. Lakini wallahi upweke umenizidi, ndugu yangu. Nina hamu na wewe mpaka naona haya kuandika. Kama dada yako Roselyn anaweza kumwangalia mama hata Jumapili moja, njoo. Gari halina kazi yoyote ya kukupa. Njoo tu.

Nisalimie Roselyn na wote wa nyumbani, na mama umwambie namwombea. Madina naye anakusalimu.

Ni mimi ndugu yako,
Mutwalibu