Ukurasa Mweupe wa Duka la Keki za Harusi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na ili nisieleweke vibaya nianze na neno lenyewe: katika upangaji wa kurasa za tovuti, nafasi tupu ni sehemu ambayo mpangaji ameiacha kwa makusudi ili jicho lipumzike na kilicho kando yake kionekane, pengo ni jambo lingine, maana pengo ni mahali ambapo kitu kilitakiwa kuwepo nacho hakipo. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa nilipoanza kujifunza kazi hii mwaka huu, nami nililishika kwa bidii iliyonizidi akili.

Baba yangu anaoka keki za harusi hapa mjini Lukang, zile zinazopelekwa kwa jamaa wa bibi harusi ndani ya makasha mekundu, na makasha hayo aliyabuni mwenyewe zamani, jioni tukishakula, ananyoosha karatasi nyekundu mezani, anakata maua, anayasogeza huku na huku kwa ncha ya kidole kabla ya kuyabandika kwa uji wa mchele, nami naruhusiwa kushika mkasi, na mama anasema kutoka jikoni, "Ua hilo limemkalia jirani yake, lisogeze," na katikati ya kila kifuniko waliacha duara jeupe ambamo mama aliandika kwa brashi majina ya maharusi, na harufu ya ufuta uliokaangwa ikichanganyika na wino mbichi ningali naisikia, ingawa mama alifariki na tangu hapo duara linatoka tupu.

Basi nikamtengenezea baba tovuti, ukurasa mweupe kabisa, herufi nyembamba nyeusi, katikati picha yake isiyo na rangi, anatabasamu, jina lake chini, na walimu wangu wakaisifu, nami sikuona kile ambacho mtu yeyote wa mtaa huu angekiona. Kesho yake jirani yetu, Shangazi Siok-bi, aliingia dukani macho mekundu, bahasha nyeupe ya rambirambi mkononi.

"Pole mwanangu. Ameondoka lini?"

Baba akatokea jikoni, unga hadi viwikoni. "Nani ameondoka?"

"Wewe, Kaka A-Hok."

"Mimi? Na keki zangu zimo tanurini?"

"Tangazo nimeliona kwenye simu, lina picha na kila kitu. Nikasema, kumbe alikuwa na sura nzuri hivi."

"Ulingoja nife ndipo uone."

Walicheka, na baba akala tambi na mguu wa nguruwe ili kuondoa mkosi, lakini jioni familia moja ikahamishia oda yake kwingine, kwani nani ataanzisha ndoa kwenye duka lenye sura ya matanga, na baba akaniambia kwa upole, nao upole huo ndio ulioniuma, "Mwanangu, uutoe ukurasa huo, au uninunulie jeneza kabisa." Sasa haniulizi tena habari za masomo yangu. Je, niujaze ukurasa maua na rangi kama tangazo la sokoni na kukana nilichofundishwa, au niiache kazi hii kwa wenye jicho?

Wako, Sin-ju

*

Sin-ju,

Pole, na baada ya pole, nikukemee. Ulijifunza maana ya nafasi tupu ukasahau kwamba hakuna jicho linalofika kwenye ukurasa likiwa jipya. Huja na kila karatasi liliyowahi kuiona. Kwetu, uso usio na rangi katikati ya weupe ni msiba, na sifa za walimu wako haziwezi kuifuta maana hiyo.

Usiache kazi. Unadhani ulianza mwaka huu, kumbe ulianza siku uliyopewa mkasi. "Lisogeze" ya mama yako ilikuwa somo lilelile ulilolipia ada baadaye, kwa hiyo huna cha kukana.

Ondoa picha hiyo sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Kisha chapisha maneno na picha za keki kwenye karatasi, uvikate, uvitandaze juu ya meza ileile, umwombe baba yako aketi. Usimhubirie nadharia, mpe mkasi, unyamaze. Wekundu wa kasha uwe uwanja wa ukurasa. Mikono yake yenye unga ichukue mahali pa uso wake. Anachokitafuta kwanza mama wa bibi harusi, yaani keki zenyewe na siku ya kuzichukua, kikae pale jicho linapotua kwanza. Na kabla hujauweka hadharani, mwonyeshe Shangazi Siok-bi kwenye simu yake, wala usiseme neno mpaka aseme yeye.

Limebaki duara. Umelitaja ukalipita haraka, nami sikulaumu. Naamini baba yako atataka liwepo. Mgeni akilikuta jeupe katikati ya wekundu, atadhani limeachwa lingoje jina lake. Ninyi wawili mtauona mkono ulioshika brashi. Kwa kipimo ulichoniandikia mwenyewe, Sin-ju, hilo litakuwa nafasi, au pengo?